Mombasa ni kisiwa, lakini wakazi wake wengi hawalali kisiwani

Ndugu yangu, umeuliza vipi kisiwa kidogo kama Mombasa kibebe watu zaidi ya milioni moja, ukashuku kwamba hesabu imekosewa. Haikukosewa. Mwaka 2019 nilikuwa karani wa sensa upande wa Likoni, nimebisha hodi milango hiyo mwenyewe.

Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba zipatazo 15 tu, nacho ndicho kaunti ndogo ya Mvita. Sensa ile ilipata humo watu 154,171. Kaunti nzima ilikuwa na 1,208,333. Basi kati ya wakazi wanane wa Mombasa, mmoja tu ndiye wa kisiwani. Waliobaki wako ng'ambo ya maji: Nyali na Kisauni kaskazini, Changamwe na Jomvu magharibi, Likoni kusini. Kisauni peke yake ina 291,930, na Likoni 250,358. Wote hao ukiwauliza waendako asubuhi watakwambia, "Naenda mjini," na mji kwao ni kisiwa.

Namna wanavyovuka kwenda huko huamuliwa na maji yenyewe. Kaskazini ya kisiwa kuna hori la Tudor, upande wa pili kuna Kilindini, iliko bandari kubwa, na jina hilo latokana na kilindi. Kina chake ndicho kilichovuta meli kubwa, bandari ya kale ikabaki na majahazi. Nyali wana daraja lao tangu 1980, la kabla yake lilikuwa la kuelea. Changamwe wanapita daraja la Makupa. Lakini meli zote za Kilindini hupita mbele ya Likoni, kwa hivyo daraja la magari la hapo lingelazimika kuinuliwa juu sana. Ndiyo maana mpaka leo tunavuka kwa feri, na mwenda kwa miguu halipi.

Nikurudishe kwenye sensa, maana hapo ndipo nilipouelewa mji wangu. Tulikuwa tunauliza nani alilala nyumbani usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Mtongwe niliingia nyumba moja ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Ndani yake nilikuta kaya tano. Barazani ameketi mama mtu mzima na sinia mapajani, anachagua mchele.

"Shikamoo mama. Usiku ule nani walilala hapa?"

"Marahaba mwanangu. Mimi na wajukuu wangu watatu. Baba yao hakulala, yuko lindo mjini."

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba aliye kazini usiku ahesabiwe kwake, kwa hivyo nikamwandika Likoni. Mama akaweka sinia chini. "Mbona humwandiki mjini? Si huko ndiko anakomaliza umri wake?" Sikuwa na jibu. Mtaa ule ule nikakutana na walinzi wengine, wachukuzi wa bandarini, na kina mama wanaouza mboga Marikiti, soko la kule kisiwani, ambao hutoka kabla ya alfajiri.

Watu wanazidi, nalo uliuliza. Mwaka 1999 tulikuwa 665,018, mwaka 2009 tukawa 939,370. Kisiwa hakina pa kupanukia, kwa hivyo kila anayekuja huenda ng'ambo. Likoni utawakuta Wadigo wenyeji, Kisauni Wagiriama kwa wingi, na Changamwe watu wa bara walioletwa na viwanda na bandari. Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya Mombasa, bado wana Mji wa Kale, ingawa wengi wa watoto wao wamehamia Kisauni.

Linaloniuma ni kwamba hospitali kuu ya rufaa iko kisiwani ilhali watu wako huku. Mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku, tukakaa naye kivukoni amelala kiti cha nyuma cha tuktuk, tunatazama taa za chombo kikiwa bado upande wa pili. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Zile dakika sijazisahau.

Kwa kuwa umesema unapanga kuhamia: jua kwanza kazi yako iko upande gani. Ikiwa ni Changamwe au uwanja wa ndege, tafuta chumba Mikindani au Miritini. Ikiwa ni hoteli za Nyali na Bamburi, kaa Kisauni. Likoni kodi ni nafuu na upepo ni mzuri, lakini kama kazi iko mjini, toka nyumbani saa kumi na moja asubuhi.