Maswali Yenu ya Mbio: Kucha nyeusi, na mguu unaouma pahali pamoja

SWALI: Mwalimu habari yako, mimi ni mwanamume wa miaka 34, niko hapa Nakuru, najitayarisha kwa mbio ya kilomita 42. Jumapili tunapanda Menengai hadi juu alafu tunashuka mbio. Sasa kucha za vidole gumba vya miguu zimekuwa nyeusi zote mbili, moja inacheza kama jino la mtoto. Mwenzangu ananiambia niing'oe na koleo. Raba ni za mtumba lakini namba ni yangu kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Koleo rudisha kwa fundi kwanza, tafadhali. Hiyo kucha iache, ifunge na plasta isishikwe na soksi, ile mpya inakuja chini yake na ndio itaisukuma. Itachukua muda, kucha ya kidole gumba cha mguu inaweza kumaliza mwaka mzima na zaidi kabla ikamilike. Huo weusi ni damu imevilia chini ya kucha kwa sababu kidole kinagonga mbele ya kiatu, na kwako tatizo ni kule kushuka. Juu ya Menengai ni kama mita 2,278 na mji uko karibu 1,850, kwa hivyo unateremka zaidi ya mita mia nne na kila hatua mguu unateleza ndani ya raba.

Namba ni yako sawa, lakini ni namba ya kiatu cha kwenda kazini. Mguu ukikimbia masaa mawili unafura. Ukisimama na raba, kati ya kidole kirefu na mwisho wa kiatu paingie upana wa kidole gumba cha mkono (na angalia vizuri, kuna watu kidole cha pili ndio kirefu). Kajaribu viatu jioni, miguu ikiwa imechoka, na ubebe soksi zile zile unakimbia nazo. Soksi za pamba tupu zinashika jasho na ngozi iliyolowa ndio inapata malengelenge haraka. Alafu lile tundu la juu kabisa ambalo watu huruka, pitisha kamba hapo ukaze, kisigino kitulie. Kucha kata moja kwa moja, usizungushe kwa kona.

Na mtumba siukatai, wengi tumeanza nao. Lakini kabla ulipe weka raba juu ya meza uzitazame kwa nyuma, kama moja imelala upande mwenyewe wa kwanza amekuachia mwendo wake, achana nayo. Raba mpya yenyewe hukimbia kama kilomita 500 hadi 800 alafu ile sponji ya soli inakufa, sasa hiyo ya mtumba hujui imeshakula ngapi. Ingiza mkono uvute soli ya ndani, kama imeachia ibandikwe. Berlin mwaka wa 2015 soli za ndani za Eliud Kipchoge zilichomoka zikawa zinapepea nje ya kiatu, akashinda kwa 2:04:00 lakini mguu ulikuwa na malengelenge na damu. Huyo ni Kipchoge, sisi wengine tungekaa kando ya barabara.

Kitu kimoja sitaki upitie haraka. Kama kucha imekuwa nyeusi na hukuigonga, ama weusi unatambaa hadi kwa ngozi, ama hausogei mbele kucha ikikua, nenda hospitali. Bob Marley alipatikana na kansa ya ngozi chini ya kucha ya kidole cha mguu mwaka wa 1977, akafariki 1981.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 19, nafanya mazoezi Kakamega. Juu ya mguu wa kushoto, nyuma ya vidole, panauma wiki ya tatu sasa. Kocha anasema nikaze ni uvivu, kwa hivyo nameza dawa ya maumivu nikikimbia.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Acha kukimbia leo, si kesho. Fanya hivi, bonyeza na kidole kimoja. Misuli iliyochoka inauma eneo zima na ukipasha mwili inaachilia. Mfupa unauma pahali pamoja, unapaonyesha na ncha ya kidole, na ukiendelea kukimbia unazidi hadi unauma hata umelala. Hiyo ikiwa ndio yako huo ni ufa kwenye mfupa, na dawa inazima kengele tu moto ukiendelea. Eksirei ya wiki za kwanza inaweza kutoka safi na ufa uko, kwa hivyo maumivu yakibaki rudi upigwe nyingine. Kwa kawaida ni wiki sita hadi nane bila kukimbia, na kuna mifupa ya mguu inataka zaidi. Mimi nilificha maumivu kama hayo wiki tano kwa sababu ya medali, nikakaa nje miezi minne.

Na nikuulize kama mama yako: hedhi inakuja? Kama imepotea miezi mitatu, mwambie daktari, manake mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa hauna cha kujenga mfupa. Ongeza ugali, maziwa, maharagwe, omena, usiogope uzito. Kocha mpelekee karatasi ya daktari mkononi, ukiwa na mzazi.

SWALI: Nina miaka 52, Kisumu, nilianza kukimbia juzi juzi. Asubuhi nikikanyaga chini kisigino kinadunga kama mwiba, nikitembea kinapoa.

JIBU: Mama, huo ni ule utando mnene wa chini ya unyayo umevutwa sana. Kabla utoke kitandani pitisha leso chini ya vidole, vuta kuelekea kwako sekunde kumi, mara kumi. Jioni bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Usitembee pekupeku kwa simiti, punguza kilomita, na uvumilie, huchukua miezi. Na kama una sukari, angalia nyayo na katikati ya vidole kila jioni, na lengelenge lolote usitoboe mwenyewe, lipeleke kliniki.