Hakuna aliyemwibia mwenzake biti

Mdogo wangu, umeuliza kama mwimbaji Wayne Wonder alimwibia mwenzake Sean Paul, kwa kuwa "No Letting Go" ya Wayne na "Get Busy" ya Sean zina biti moja. Hapana, hakuna wizi hapo. Hiyo ni Diwali, ridimu (yaani biti ya kutumiwa na wengi) ya mtayarishaji Steven "Lenky" Marsden wa Jamaika. Kule mtayarishaji hutengeneza mdundo mmoja, kisha wasanii wengi huingiza sauti juu yake, kila mmoja na wimbo wake. Elephant Man na Bounty Killer nao wamo, na hata Lumidee wa New York aliimba juu ya Diwali. "Get Busy" ilishika namba moja Marekani mwaka 2003.

Sikiliza yale makofi! Ndiyo roho ya Diwali. Vyombo vingine ni vichache, kwa hiyo mwimbaji anapata nafasi ya kutamba. Mimi nampenda zaidi Wayne Wonder, anavyoimba taratibu juu ya makofi yanayokimbia.

Kwa kuwa unajifunza udijei, anza na yeye, kisha mwingize Sean Paul makofi yakiwa bado yanalia. Nyimbo tatu nne zatosha, halafu badilisha ridimu kabla watu hawajarudi kwenye viti.