Tambi za mtoto kufika shuleni zikiwa vuguvugu

SWALI: Ninapika tambi usiku na kuziacha jikoni zikiwa zimefunikwa. Asubuhi ninazipasha hadi zitoe mvuke, kisha ninazitia katika hotipoti saa 12. Mwanangu wa darasa la pili hula saa 6 mchana, nazo huwa vuguvugu. Nifanyeje zikae na moto? Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, suala la moto ni jepesi. Hotipoti ya plastiki haiwezi kutunza joto saa sita. Tafuta chupa ya chakula ya chuma cha pua, yenye mdomo mpana na kuta mbili zisizo na hewa katikati. Ijaze maji yanayochemka, uifunge dakika kumi, uyamwage, kisha utie tambi za moto pamoja na mchuzi wake hadi karibu na mfuniko. Siku ya mapumziko ijaribu nyumbani: ifungue saa 6 na uchomeke kipimajoto katikati ya tambi. Kikisoma chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, chupa hiyo haifai.

Kilichonishtua ni hayo maneno "kuziacha jikoni". Wazazi wengi huniambia hivyohivyo, tena kwa kujiamini: kiporo hakikuchacha, nilikinusa, nikakichemsha vizuri. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hutengeneza mbegu zinazostahimili kuchemka, na sufuria inapopoa polepole usiku kucha mbegu hizo huchipua, bakteria huongezeka, nao hutoa sumu isiyo na harufu ambayo moto wa jikoni hauiharibu. Ukipasha asubuhi unawaua bakteria, lakini sumu inabaki palepale ndani ya tambi. Mtoto huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na lawama huangukia maji ya shule. Nchini Ubelgiji, mwaka 2003, watoto watano wa familia moja waliugua baada ya kula saladi ya pasta iliyokaa siku kadhaa katika friji yenye nyuzi 14, na msichana wa miaka 7 akafariki. Hiyo ilikuwa friji, si meza ya jikoni.

Kwa hiyo sina subira na wanaowafundisha kina mama kukamulia ndimu kidogo au kuviringisha chombo kwa kanga, kana kwamba hilo linaondoa sumu iliyokwisha kuingia. Tambi huiva kwa dakika kumi tu, zipike asubuhi. Ukilazimika kupika usiku, zichuje, uzitandaze kwenye sinia zipoe upesi, na ziingie katika friji iliyo chini ya nyuzi 5 kabla ya muda wa saa mbili kupita. Kama huna friji, mpe mtoto mkate na yai lililochemshwa asubuhi hiyohiyo. Wali nao ni vivyo hivyo, na ninaomba hasa kuhusu pilau ya shughuli inayolala ndani ya masufuria makubwa, ambayo katikati yake hubaki na uvuguvugu hadi alfajiri: msiwagawie watoto asubuhi, hata ikinukia vizuri.