Kabla ya Kununua Sementi ya Kanisa, Tazameni Maji

Kama kanisa la kijijini kwenu limechakaa na kamati imeshaanza kuchangisha, nawaomba jambo moja tu: msinunue hata mfuko mmoja wa sementi kabla mtu hajasimama nje mvua ikinyesha, akaona maji yanaelekea wapi. Sisi hatukusimama.

Kanisa letu liko Vihiga, magharibi mwa Kenya, si mbali na Kaimosi, walikofika wamisionari watatu Wamarekani wa dhehebu la Friends (Quaker) mwaka 1902, yaani Hotchkiss, Hole na Chilson, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika Kisumu. Misheni yao ilikuwa na mashine ya kupasua mbao, na wazee wetu husema boriti zetu zilitoka huko. Mchwa wamezishindwa hadi leo.

Kuta ni matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo. Chini zilikuwa na unyevu, rangi inabambuka. Tukafanya harambee, fundi akapiga plasta ya sementi ndani na nje. Siku ya kufungua, lilimeta! Misimu miwili ya mvua haikuisha kabla plasta haijafura kama chapati kikaangoni. Ukiigonga inalia tupu. Tulipobandua kipande nyuma ya mimbari, tofali lilitoka nalo, ukilifinya linakuwa unga.

Mzee mmoja aliyejenga miaka mingi alitufungua macho. Tofali la zamani hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa polepole kupitia uso wake. Ukilivika sementi, maji yanakosa pa kutokea, yanalila kwa ndani. Na hayo maji? Paa halikuwa na gata! Mvua ya alasiri, na huku kwetu si mchezo, ilimwagika moja kwa moja msingini.

Basi tukaanza upya: gata, mtaro, plasta ikabanduliwa, ukuta ukaachwa ukauke kiangazi kizima. Viungo kati ya matofali tukaviziba kwa chokaa na mchanga, kipimo kimoja kwa vitatu, tukavifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili visikauke haraka. Vijana walinung'unika sana.

Pigeni picha kila ukuta kabla ya kugusa chochote, na wakongwe waje waone. Kwetu kulikuwa na ufa mrefu ulionyooka uliotutia hofu, hata tukafikiria kuubomoa ukuta ule. Bibi mmoja akaugusa kwa mkongojo wake, akacheka: “Huu ni mlango wa akina mama. Ulizibwa nikiwa msichana.”