Tairi moja linachemka? Fungua nipeli kabla hujanunua kalipa

Wiki hii dada mmoja wa Tanga ameniandikia. Ana IST, na tairi la mbele kushoto linachemka hadi rimu haishikiki. Fundi wake alianza na pedi, hazikusaidia. Akaja na diski, kisha kalipa nzima ya mtumba, yaani kile chombo kinachobana pedi kwenye diski. Gari likatembea vizuri kidogo, harufu ya kuungua ikarudi. Sasa ameambiwa atafute masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, na swali lake kwangu ni kama achukue mpya au ya mtumba.

Dada yangu, usinunue yoyote kwanza. Ujumbe wako nimeusoma mara kadhaa na kila nikiusoma moyo unaniuma, maana nilishuhudia mama mmoja mwalimu akilipishwa kwa ugonjwa huuhuu, na niliposema ukweli nikaonekana mjuaji.

Wakati huo nilikuwa spanaboi kwenye gereji moja hapa Dar. Mwalimu alileta Corolla 110, tairi la mbele kulia linabana. Ukikanyaga breki na kuachia, tairi haliachii. Gari likisimama muda, linaachia lenyewe. Ishike sana dalili hiyo. Pistoni iliyokwama kwa kutu mara nyingi haina tabia hiyo, ikibana imebana. Tairi linaloachia polepole linakwambia kuna presha imefungiwa kwenye kalipa na inarudi kidogokidogo kwa tabu.

Nikamwambia fundi mkuu, mzee, tuangalie hozi, ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa. Akaushika, akaukunja mbele ya watu, akanionyesha hauna ufa wala hauvuji hata tone. "Tangu lini mpira usiovuja ukawa mbovu?" Wenzangu wakacheka. Mwalimu akaandikiwa kalipa, akaenda Kariakoo kuinunua kwa hela ambayo kwa mshahara wa mwalimu sote tunajua inavyopatikana.

Haukupita muda akarudi na tairi linafuka. Bahati fundi mkuu hakuwepo. Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikamwomba mama mwenyewe akanyage breki kisha aachie. Nikalishika tairi kwa mikono miwili, halizunguki. Nikafungua nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, robo mzunguko tu. Mafuta yakaruka meusi, na tairi likaachia palepale, likawa linazunguka kwa kidole kimoja.

Nikafunga. Akakanyaga tena, likabana tena. Safari hii nipeli sikuigusa. Nikalegeza nati inayounganisha paipu ya chuma na hozi, upande wa juu. Yakatoka matone, tairi likabaki limebana vilevile. Hapo ubishi uliisha. Presha ilikuwa imefungiwa kati ya nati ile na kalipa, na kati yake kuna kitu kimoja tu, hozi.

Nilipoitoa niliijaribu kwa pampu ya baiskeli. Kutoka upande wa masta silinda upepo ulipita. Nikaigeuza, nikapampu kutoka upande wa kalipa, mpini ukawa unanisukuma mkono. Nikaipasua kwa wembe kwa urefu. Kwa nje mpira ulikuwa bado unang'aa. Ndani, ngozi laini ya kwanza ilikuwa imebanduka sehemu moja na kuning'inia ndani ya tundu, inafanya kazi ya mlango wa upande mmoja: mafuta yakienda yanaulaza, yakirudi yanaufunga.

Na hapa ndipo wengi wanaponiuliza, kama mafuta yanaweza kwenda, kwa nini yashindwe kurudi? Kwa sababu nguvu hazilingani. Yanapokwenda yanasukumwa na mguu wako pamoja na busta inayouongezea nguvu, presha kubwa mno. Yanaporudi hayasukumwi na chochote cha maana. Ndani ya kalipa kuna raba moja ya duara iliyokazana na pistoni. Ukikanyaga inajipinda, ukiachia inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma sehemu ndogo ya milimita. Basi. Nguvu hiyo haiwezi kufungua kizuizi, kwa hiyo pedi zinabaki zimelala kwenye diski, unaendesha huku unafunga breki.

Fundi mkuu aliporudi hakutaka hata kuitazama hozi ile. Alisema nimebahatisha. Mwalimu hakurudishiwa shilingi ya kalipa, na mwisho wa mwezi mimi nikaambiwa nitafute pengine. Limeniuma hadi leo, sifichi. Lakini leo nina gereji yangu, na wateja wangu wengi ni wale ambao breki zao zimeshindikana kwingine. Hilo nalisema kwa fahari, nimelitolea jasho.

Sasa, dada wa Tanga, kwa nini nimekataa masta silinda? Magari mengi madogo yanayovutwa na tairi za mbele yana njia mbili za breki zinazokatiza: mbele kushoto inakwenda pamoja na nyuma kulia, na mbele kulia pamoja na nyuma kushoto. Masta silinda ikiziba katundu kake ka kurudishia mafuta, au fimbo ya busta ikikosa uchezaji, kwa kawaida tairi zaidi ya moja zitabana. Lako ni moja tu. Kama bado una shaka, gari likiwa limebana, mwambie fundi alegeze paipu pale zinapotoka kwenye masta silinda. Tairi likiachia hapo, kosa liko juu. Lisipoachia, shuka chini, jaribu kwenye nati ya hozi, kisha kwenye nipeli. Na kama hata nipeli ikifunguliwa tairi limebana, basi mafuta hayana kosa; angalia pistoni na pini za kalipa.

Fungua, tazama, ndipo ununue. Jaribio zima halimalizi nusu saa.

Kuna kuziba kwa namna nyingine, mafuta hayafiki kabisa: ukikanyaga, gari linavuta kuelekea upande usio na ugonjwa, na ukifungua nipeli ya upande mgonjwa mafuta yanadondoka tu bila nguvu. Utafutaji ni uleule, unapanda nati kwa nati hadi unapokuta mafuta yanatoka kwa nguvu. Kwenye pikapu angalia pia ile vali ya nyuma inayofuata uzito wa mzigo, hukwama kwa kutu na vumbi.

Nataka kusema na mafundi wenzangu bila kuzunguka. Hozi hizi tunaziua sisi. Fundi anabadilisha pedi, anaiacha kalipa inaning'inia kwenye mpira wake huku anakunywa chai. Mwingine anaibana hozi kwa plaizi ili mafuta yasimwagike. Ngozi ya ndani inaweza kuchanika siku hiyohiyo, gari linaondoka zima, linarudi baadaye na ugonjwa ambao hakuna anayeukumbuka chanzo chake. Funga kalipa kwa waya kwenye springi, inakugharimu nini? Na anayejazia oili ya injini kwenye kopo la breki kwa kuwa yale sahihi yameisha, ajue raba zote zinavimba kuanzia masta silinda hadi nyuma, na mteja atanunua mfumo mzima.

Na ninyi wenye magari, acheni kuona aibu kuuliza. Fundi akikwambia kalipa imekufa, mwambie akuonyeshe: akanyage mtu breki, aachie, afungue nipeli, wewe uzungushe tairi kwa mkono wako. Anayejua kazi atafurahi. Wala usiseme utavumilia hadi mwezi ujao. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yananyonya maji kutoka hewani, na yakishanyonya huweza kuchemka kwenye 140 tu. Kwa unyevu wetu wa pwani hufika huko mapema zaidi. Rimu inayounguza mkono leo ndiyo pedali itakayozama hadi chini ukiwa unateremka Kitonga na lori liko mbele yako.

Hozi nunua mbili, kulia na kushoto, kwa sababu zina umri mmoja. Ukifunga, angalia mpira haukujisokota, kisha kata usukani hadi mwisho pande zote mbili uone haugusi tairi. Toa upepo hadi mafuta safi yatoke, kwa kopo jipya lililofunguliwa siku hiyo, daraja lile lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki la gari lako. Endesha mwendo mfupi, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Za mbele zote mbili zinatakiwa ziwe na joto linalolingana.