Mzizi kwanza, rangi baadaye: kwa wanaoanza kujifunza uchongaji wa kachina

Wageni wengi huvutwa na rangi na manyoya. Wewe anza na mti. Wahopi wa kaskazini-mashariki mwa Arizona, Marekani, huchonga tihu (wingi tithu), yaani sanamu ndogo ya kachina, kwa mzizi wa kotonwudi, mti unaoota kando ya mito. Ni mwepesi, laini, nao haupasuki ovyo chini ya kisu. Tena ni mzizi unaofuata maji, katika nchi kame ambako mahindi husubiri mvua, na kachina ndio roho wanaoombwa kuileta. Ukitumia mti mwingine, umeondoa sehemu kubwa ya maana.

Tafuta mzizi uliokwisha kukauka. Ukiuchonga ungali mbichi, utafanya nyufa baadaye. Kwangua ganda lote kwanza, kwa kuwa mchanga ulionasa humo huua makali ya kisu. Kata kipande kwa msumeno, weka alama za shingo na kiuno, punguza kwa patasi na tupa, halafu kisu kidogo, na mwisho jiwe la mchanga au msasa. Pembe na masikio ndipo wengi wanapoharibu: vikichongwa nyuzi za mti zikiwa zimekatiza, huvunjika kwa kuguswa tu. Ndiyo maana katika kazi nyingi za zamani vilichongwa kando, vikapachikwa.

Kabla ya rangi hupakwa udongo mweupe wa kaolini, la sivyo mti hunywa rangi. Rangi nazo zina maana: njano ni kaskazini-magharibi, buluu-kijani kusini-magharibi, nyekundu kusini-mashariki, nyeupe kaskazini-mashariki. Usibadilishe kwa sababu umependa nyingine.

Ukikabidhiwa tihu ya zamani, usiifute kwa kitambaa chenye maji: udongo ule hushika kidogo sana, na rangi itaondoka nao. Ishike kiwiliwili, kamwe si pembe. Kuitambua, tazama kichwa kwanza, maana miili ya kachina wengi hufanana. Tihu bapa, yenye kichwa na ubao tu, usiiandike kuwa haijakamilika. Hiyo ni ya mtoto mchanga. Kachina wenyewe, yaani wachezaji wanaovaa sura zao, huwagawia wasichana tithu katika sherehe, kama Powamuya ya Februari na Niman ya Julai, kisha hutundikwa ukutani. Kwa hiyo usiigongomelee kitako tihu ya kale isiyosimama.

Sheria ya 1918 ya kulinda ndege wanaohama inakataza kuuza manyoya yao, kwa hiyo wachongaji wengi sasa huchonga hata manyoya kwa mti. Sheria nyingine, ya 1990, inaadhibu anayeuza kazi kwa kudai kwa uongo kuwa ni ya Wenyeji wa Marekani.

Ukitaka kuzoeza mkono, chonga ndege au gunzi la mahindi. Sura za kachina waachie Wahopi, kwani wao ndio wanaojua ipi huonyeshwa hadharani na ipi hufichwa.