Laptopu au rekoda ya kujitegemea? Nimetumia vyote viwili, hili ndilo jibu langu

Mkuu, umesema una laptopu ya RAM GB 4, unapiga gitaa na kuimba mwenyewe chumbani, na hela uliyonayo inatosha kifaa kimoja. Unauliza uchukue saundikadi ya kuchomeka kwenye laptopu (kile kiboksi kinachoingiza maiki na gitaa kwenye kompyuta), au rekoda ya treki nyingi, kila sauti kwenye njia yake, inayofanya kazi bila kompyuta kabisa. Kwa hali hiyo chukua saundikadi. Lakini naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kuna watu humu ambao jibu lao ni rekoda, na mimi mwenyewe nilikuja kuinunua baadaye.

Kilichonitesa kwenye laptopu ni sauti kuchelewa. Nilimwita dada mmoja wa kwaya yetu, ana sauti ya kukutoa machozi, aje aingize sauti kwenye wimbo niliokuwa nautengeneza. Kila akianza anabaki nyuma ya mapigo, anasimama, tunarudia. Nikamwambia hajafanya mazoezi. Ninalijutia neno lile mpaka leo, maana kosa lilikuwa langu. Bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kwanza kabla ya kukishughulikia, ilikuwa sampuli 1024 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti), na kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde hizo ni kama milisekunde 23 sauti ikiingia na karibu zilezile ikitoka. Alikuwa anajisikia kwenye hedifoni wakati neno limeshamtoka mdomoni. Ukishusha bafa hadi 128 zinabaki milisekunde 3 hivi kila upande, ila laptopu isiyo na nguvu inaanza kukatakata sauti.

Dawa yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Saundikadi nyingi, hata ndogo kama Focusrite Scarlett 2i2, zina swichi ya kujisikia moja kwa moja: sauti ya maiki inakwenda kwenye hedifoni kabla haijapita kwenye kompyuta. Washa hiyo, halafu ndani ya programu ya kurekodi zima usikilizaji wa treki unayorekodi ili usijisikie mara mbili. Bafa iache juu hukohuko, haitakusumbua. Ndiyo maana nasema GB 4 zisikutishe. Gitaa, sauti yako na viitikio kadhaa ni mafaili ya sauti tu, laptopu inayabeba. Kinachoilemea ni ala za ndani ya programu na plagini (viprogramu vya kupamba sauti) unazorundika kila treki.

Programu nakushauri Reaper. Ni nyepesi, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Achana na zile za wizi zilizovunjwa kufuli zinazogawiwa kwenye flashi, zinakuja na virusi na siku ya kazi ndiyo zinagoma.

Jambo jingine ni mvumo. Ukichomeka gitaa la umeme huku laptopu iko kwenye chaja, na nyumba haina ethi (waya wa umeme unaoingia ardhini), utasikia mngurumo chini ya kila noti. Nilibadilisha waya mbili bure kabla sijagundua kwamba nikichomoa chaja unatoweka. Siku hizi najaza chaji kwanza, nachomoa, ndipo narekodi.

Sasa rekoda. Nilinunua Zoom R16 iliyotumika, kwa sababu ya kwaya. Ina treki 16, inarekodi maingizo manane kwa mpigo kwenye kadi ya SD, na inakubali betri sita za AA. Jioni ya kwanza tuliyoitumia umeme haukuwepo kabisa. Waimbaji walikuwa wamesimama kwa sauti zao nne, ngoma mbili na kayamba pembeni. Nikaweka maiki za kawaida kwa waimbaji, na maiki moja ya kondensa, ile inayohitaji umeme, mbali kidogo ishike ukumbi wote (kumbuka kwenye R16 umeme wa volti 48 unapatikana ingizo la 5 na la 6 tu). Tukaimba nyimbo tano mfululizo. Kazi ile nisingeiweza kwa saundikadi ya maingizo mawili. Kwaya huwezi kuirekodi mmoja mmoja ukaja kuwaunganisha, kwa sababu besi anavuta pumzi akimsikia alto, na wote wanamfuata mpiga ngoma. Ukiwatenganisha, kile kinachowashikamanisha kinapotea na hakuna miksi itakayokirudisha.

Shida ilianza nyumbani. Kuna mtu alikohoa katikati ya ubeti wa pili, kikohozi kikaingia kwenye treki ya alto. Kukikata kwa vitufe na kiskrini kile kidogo kulinila jioni nzima, na bado pakabaki pengo linalosikika. Kesho yake nikatoa kadi, nikahamishia mafaili ya WAV kwenye laptopu, nikamaliza ndani ya dakika chache kwa sababu wimbi lenyewe ninaliona kwa macho. Tangu hapo rekoda nakusanyia, laptopu namiksia. Isitoshe, R16 ukiichomeka kwa USB inageuka saundikadi ya maingizo manane, kwa hiyo mwenye kundi akipata nzima asiiache.

Rekoda usiizime kwa kuchomoa waya. Izime kwa swichi, ungoje imalize kuandika. Nilipoteza wimbo mzima hivyo, na mwenye wimbo alikuwa ameshasafiri kurudi kwao.

Kwako wewe unayejenga wimbo peke yako, gitaa kwanza kisha sauti kisha viitikio, utakuwa unarudia na kukatakata sana, na huko laptopu haina mpinzani. Chenji itakayobaki nunua maiki ya kawaida isiyohitaji umeme, stendi, na hedifoni zinazofunika sikio zima ili mdundo usivuje kwenye maiki. Tundika mablanketi nyuma yako unapoimba, laptopu iweke mbali feni isisikike. Kama paa ni la mabati, mvua ikianza subiri ipite.

Ukishanunua, taja hapa ni saundikadi ipi nikuelekeze swichi ya kujisikia ilipo.